Nilijaza sifuri wiki sita, kumbe vidole vya dada yangu vinapinda

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Ninayoyaandika ni kweli tupu, na aibu yake ni yangu.

Mimi ni mstaafu wa masijala, nakaa Mkomaindo. Alikuja kwetu binti anayesomea PhD. Anatengeneza jeli ya polima ya kubebea dawa ya baridi yabisi: kiungo kikiwa shwari, jeli huishikilia dawa, kikivimba, huiachia.

Bado iko maabara, haijamgusa mtu. Kwetu alitaka kumbukumbu tu: wagonjwa huvimba lini, na maumivu ni kiasi gani, sifuri hadi kumi.

Nikajitolea kumjazia fomu mdogo wangu, Mama Salima, mwenye ugonjwa huo, aliyeko kijijini Chiwata. Kila asubuhi nilimpigia simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hujambo? Vidole je?"

"Sijambo, kaka. Namshukuru Mungu."

Nikaandika sifuri. Wiki sita, sifuri tupu, kila moja na tarehe na saini.

Binti alipoziona akasema, kwa adabu, kwamba zinamtia mashaka.

Wakuu, nilikasirika! Katika utumishi wangu wote hakuna jalada lililorudishwa. Nikamwambia twende Chiwata akajionee.

Tulimkuta dada barazani, jirani akimfunga kanga. Vidole vimevimba, viwili vimepinda. Kumbe hata simu zangu jirani ndiye aliyezipokea na kumshikia sikioni.

Nikamuuliza dada: "Mbona hukuniambia?"

Dada akainama. Jirani ndiye aliyejibu:

"Mzee, wewe ni kaka yake mkubwa. Ulitaka akuamkie shikamoo halafu akulilie? Nani hufanya hivyo huku? Na wewe na kalamu yako, unaandika tu!"

Nikasogea pembeni, binti akamuuliza upya. Nilisikia jibu:

"Tisa, mwanangu. Usimwambie kaka."

Siku hiyohiyo tulimpeleka hospitali. Ameanza dawa na uvimbe unapungua, ila vile viwili, daktari amesema, tumechelewa. Havitanyooka.

Sifuri zile sikuzichana. Nimezikata kwa mstari mmoja mmoja, nikaandika pembeni "si kweli", nikasaini. Fomu sasa anajaza jirani.

Nilichojifunza: heshima ya mdogo kwa mkubwa si taarifa ya afya yake, na mkubwa asiyekwenda kuona kwa macho hana haki ya kuandika.

Nanyi wenye wagonjwa walio mbali, mnawaulizaje hadi wawaambie ukweli? Karibuni, hata kunikosoa.