Kiti cha Bi Nettie

Ni saa ya chakula cha mchana katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi, kaskazini mwa Uskoti. Mzee Innes Rennie amemaliza viazi vya upande wa kulia wa sahani. Nyama ya kusaga iliyo kushoto haijaguswa, naye analalamika kuwa hajashiba. Catriona Buchan anaizungusha sahani.

"Kumbe mlinificha nyama," mzee anasema.

"Tungekuficha wewe, baba? Ulivyo na kelele?"

Catriona, msaidizi wa wauguzi, ana mwaka wa kumi na moja hapa, akiosha, akilisha na kugeuza wagonjwa. "Watu wanadhani kiharusi ni mkono na mguu tu," anasema. "Wengine dunia yote ya kushoto inafutika. Macho ni mazima, ila ubongo hauna habari na upande ule."

Wiki iliyopita, jambo hilo nusura livunje nyumba ya watu. Bi Nettie, mke wa Innes, alikuja kila siku akaketi kushoto kwa kitanda. Ndivyo walivyozoea tangu waoane: kanisani, garini, hata kulala, yeye ni kushoto. Mumewe hakumtazama hata mara moja. Wanawake wa rika lake huku hawaulizi mambo ya moyoni, kwa hiyo alifuma sweta yake kimya.

Catriona alimkuta kwenye korido amevaa koti.

"Sirudi tena, mwanangu. Huyu amenichoka. Miaka yote hiyo, leo hata salamu hanipi."

"Hajakuona, Bi Nettie."

"Nilikaa palepale. Mimi ni sindano?"

 Catriona alimrudisha wodini, akahamishia kiti kulia, akamketisha akiwa bado na koti lake.

Innes akageuka. "Mbona umechelewa hivi?" akauliza. "Nakungoja tangu waliponileta huku. Nilijua umeniacha."

Bi Nettie alilia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika mwanawe. Mimi nilisimuliwa na Catriona.

Madaktari hawaahidi kitu. Mpango wa Catriona ni kukisogeza kiti kidogo kidogo kuelekea kushoto, huku Bi Nettie akiongea, ili mzee ajifunze kumfuata. Jana kilipita miguuni mwa kitanda, na mzee akampoteza katikati ya maneno. Akaanza kumwita kwa hofu.

"Kesho tutajaribu tena," anasema Catriona. "Nataka siku moja amkute upande wake."

Namuuliza Bi Nettie kama hachoki.

"Nachoka," anasema. "Lakini sasa najua ananitafuta."