Jirani Yangu na Lori la Koperativa

Juma lililopita tulimzika mwanamke wa kwanza kuendesha lori la koperativa, ushirika wetu wa hapa Palma. Wasomaji wangu wa siku nyingi watashangaa nimekawia kumwandika, maana nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Nimekawia kwa sababu nilimwonea wivu, na mauti hayakuuondoa. Matangani wanawake walisimulia alivyolipitisha lori kwenye matope ya njia ya Pundanhar wanaume wakiwa wameshashuka, nami nikajikuta nabinya midomo. Hata pale alinizidi.

Vijana hawaijui miaka ile ya mwanzo ya uhuru wa Msumbiji. Fedha tulikuwa nazo, cha kununua ndicho kilichokosekana. Tulipanga bicha, foleni ndefu, mbele ya duka la koperativa tangu alfajiri, tukatoka na mgao wa sukari na sabuni. Basi sisi wanawake wa mtaa tukaacha upatu wa fedha, tukacheza upatu wa mgao: kila mwezi kila nyumba inatoa chake, mmoja anabeba vyote. Ukibeba, wewe ndiye tajiri, watu wanakuletea mahindi na kuku mpaka mlangoni. Zamu yangu ilitangulia yake. Nikampa yote karani mmoja aliyekuwa anahamishiwa kusini, naye akaniachia kabati lake la vioo. Mtaa mzima ulikuja kulitazama. Jirani yangu akapitisha kidole kwenye kioo, akasema, "Hongera, shoga, zuri." Hakulitamani hata kidogo, na hilo liliniudhi.

Mwezi huohuo tukaambiwa mkutanoni kwamba dereva wa koperativa macho yanamwishia. Atakayejifunza, mume au mke, atapelekwa Pemba, makao ya mkoa wetu, kutahiniwa, akipata karta, leseni ya udereva, kazi ni yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiacha chungu motoni kila lori likipita, nikisikiliza anavyobadilisha gia. Lakini mke wa mtu, mama wa watoto, ataanzaje kulisema jambo hilo? Nikanyamaza. Jirani yangu hakunyamaza. Zamu yake ya upatu ilipofika alimpelekea dereva kila kitu, ujira wa kumfundisha, na jioni akaita watu wake mkekani. Niliwasikia nikiwa upande wangu wa ua.

"Nataka kuendesha gari," alisema. "Mpaka nipate karta, mgao wetu wote unakwenda kwa mwalimu. Uji tutautia chumvi, nguo tutafulia majani ya mpapai. Mnasemaje?"

Mumewe alicheka sana, kisha akauliza kama yeye atakuwa anakaa mbele. Kitinda mimba akalilia sukari, akabembelezwa, akanyamaza. Ikawa imepita, hivyo tu! Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia ugomvi, na nakiri niliungoja.

Alijifunzia uwanja wa ndege, ambao siku zile ulikuwa wa mbuzi zaidi kuliko ndege. Nikitoka shamba nilipita njia ya mbali ili nimwone akishindwa. Kanga kiunoni, viatu kavivua, lori linarukaruka, na mzee yule anapiga kelele, "Kanyaga klachi kwanza, mama! Gia haitwangwi, inasukumwa!" Naye anajibu, "Kamarada, watoto watano nimezaa, gia itanishinda?" Haikumshinda. Siku ya kwanza ya kazi alipiga honi mlangoni kwangu. "Shoga, panda twende mpaka sokoni!" Nikamwambia nina wali motoni. Jiko lilikuwa la baridi.

Tulihutubiwa sana miaka ile kwamba mwanamke aweza kazi yoyote, na tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha kila mmoja akarudi nyumbani na kuyaacha maneno yale kizingitini pamoja na viatu. Wengi hatukukatazwa na mtu. Tuliamua wenyewe kwamba tutakatazwa, tukaendelea kugawa chumvi na mafuta kana kwamba ndani ya nyumba hakuna haja nyingine. Yeye aliipanga haja yake pamoja na unga na sabuni, ikapata fungu lake.

Tuliporudi kutoka makaburini, mimi na mume wangu tuliketi kunywa chai. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza tangu anioe, kwamba kazi ile ya lori niliitaka mimi.

Akaweka kikombe chini. "Wewe? Mbona hukusema?" Kisha akasema, "Na mimi niliitaka. Nilidhani utaniuliza tutakula nini."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sisi tulikuwa wawili tunafichana kitanda kimoja. Mwenye haja na aitamke kwanza mbele ya wale anaokula nao, hata wakimcheka. Miaka yote hiyo nilidhani namwonea wivu marehemu kwa lori lake. Usiku ule nilijua namwonea wivu kwa mkeka wake.