Wazee wa Kumwomba Mbaluka

Ndunge alikuwa ameweka sharti moja tu, tena alilitoa mezani mbele ya binti yao Maureen, ili lisije likageuzwa baadaye. Mumewe asingegombea tena kiti cha wadi mpaka watu wa nyumbani kwao, Ngaani, waje wenyewe kumwomba. Mbaluka alicheka, akasema hilo ni dogo. Ndunge naye akatulia, kwa sababu alijua jambo ambalo kila mke wa mwanasiasa hulijua, na mwanasiasa mwenyewe huwa wa mwisho kulijua: wapigakura wana mapenzi mengi na kumbukumbu fupi.

Ndunge alikuwa ameila siasa hadi akaikinai. Mbaluka alimwoa akiwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kitui, kijana mwembamba mwenye sauti iliyomtangulia njiani. Akaacha chaki akawa diwani, enzi zile diwani akienda mkutanoni kwa baiskeli. Zilipokuja kaunti akawa mheshimiwa wa bunge la kaunti, mihula miwili. Aliwachimbia watu wa Ngaani kisima, akawafungulia barabara, na akawazikia wafu wao. Hasa hilo la kuzika. Hakuna matanga aliyokosa, na watu walisema mtu hajafa sawasawa mpaka Mbaluka azungumze kaburini. Ndunge alibaki Nairobi na kazi yake ya serikali, akilea, akimwona mumewe jinsi mpangaji anavyomwona mwenye nyumba, mwisho wa mwezi.

Kisha Mbaluka akabwagwa. Alibwagwa vibaya na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, na matokeo yalipokuwa yakisomwa akaanguka palepale ukumbini. Ulikuwa moyo. Daktari aliwaambia wote wawili, polepole, kwamba kampeni nyingine ingemrudisha Ngaani ndani ya sanduku. Tangu siku hiyo Ndunge hakupata usingizi wa maana. Alilala akisikiliza pumzi za mumewe.

Mbaluka akahamia Nairobi kupumzika, kwenye nyumba yao ya zamani nyuma ya Adams Arcade. Lakini kumwambia mwanasiasa apumzike ni sawa na kumwambia kuku asichakure. Kila asubuhi alivaa koti lake la kampeni, ambalo sasa lilimpwaya, akamsindikiza mkewe hadi ofisini katikati ya jiji, kisha akashuka mpaka stendi ya Machakos, mahali mabasi ya Ukambani yanaposhusha watu. Alisema ni mazoezi ya moyo. Siku moja Ndunge alitoka kazini mapema akamwona. Alikuwa amesimama kando ya basi, mikono nyuma, akitazama nyuso za wanaoshuka, akingoja mmoja aseme, "Mheshimiwa!" Wakapita wote na magunia yao. Ndunge alivuka barabara asimwaibishe.

Jumamosi moja, uchaguzi ukiwa umekaribia, wazee watano walibisha langoni. Walikuja na makoti, kofia, fimbo na beberu.

Kwa desturi ya kwao, ombi zito haliletwi mikono mitupu. Mbuzi huja na kamba yake, na mama wa nyumba huombwa aipokee. Akiipokea, mbuzi huchinjwa, watu hula, na neno lililoliwa halitapikwi. Ndunge alilijua hilo vizuri.

Kiongozi wao alijitambulisha kuwa Nthiwa. Alisimama, akakohoa, akamwita mwaitu, yaani mama, kama anayezungumza na mzazi wake.

"Mwaitu, tumetumwa na Ngaani. Kisima imeharibika, hakuna wa kuitengeneza. Watoto wanauliza, baba yetu Mbaluka ako wapi?"

Machozi yalimlenga Ndunge. Kumbe walikuja! Kumbe aliwadharau bure! Aliona fahari juu ya mumewe na papo hapo akaona lile sanduku. Akageuka amtazame Mbaluka, waione pamoja siku hii.

Midomo ya Mbaluka ilikuwa ikicheza. Haikutoa sauti, lakini ilimtangulia Nthiwa kwa neno moja. Mzee alipofika kwenye habari ya barabara akakwama, akaanza upya, akakwama tena. Midomo ya Mbaluka ikasema kimya, imekuwa mto.

"Na barabara imekuwa mto!" Nthiwa akaokota.

Ndunge hakutaka kuamini, akatafuta namna ya kujithibitishia kuwa amekosea.

"Na mvua, mzee?" akauliza. "Mwaka huu mlipata mvua?"

"Mungu ni mkubwa, mama. Mahindi iko hapa," Nthiwa akaonyesha kiunoni.

Dada yake Ndunge, Wavinya, alikuwa amepiga simu kutoka Ngaani juzi tu. Hawajaona tone tangu mwaka jana, na mbuzi waliobaki ni ngozi na mifupa. Ndunge akachungulia dirishani. Beberu aliyefungwa kwenye mpera alikuwa amenenepa kama bwana harusi, na mgongoni alikuwa na mstari wa rangi ya buluu, alama wanayopaka wachuuzi wa soko la mifugo la Dagoretti. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikuwa imefika hata nje ya Nairobi.

Wakatoka uani. Mzee akanyoosha kamba. "Pokea, mwaitu."

Neno moja tu lingetosha. Angewauliza wametoka wapi, na siasa ya Mbaluka ingefia hapo chini ya mpera, mbele ya wanaume wenzake. Mbaluka alikuwa ameinama akitazama viatu vyake. Mkono wake mmoja ulikuwa kifuani, na Ndunge aliogopa mkono ule kuliko kitu chochote duniani.

"Nimepokea," akasema. "Lakini hachinjwi leo. Ametoka mbali. Apumzike."

Wazee wakatazamana. Walikuwa wamekuja na njaa ya nyama, wakapewa chai na mkate, na hawakukaa.

Walipoondoka Ndunge alifunga lango, akamgeukia mumewe.

"Wale ni wa wapi?"

Mbaluka hakujaribu kudanganya. "Dagoretti. Nthiwa alikuwa askari wa lango kule Loresho." Akaongeza, "Lakini ni Mkamba kabisa."

"Baba Maureen, unataka kujiua? Si ungeniambia tu, ninunue sanduku mapema!" Alisema kwa hasira, na ndani ya hasira mlikuwa na woga mtupu.

"Niliwapigia simu watu wa nyumbani kwanza," akasema Mbaluka. "Wote. Wengi hawakushika. Kasyoki alishika, yule niliyemzikia baba, nikamzikia na mama. Unajua aliniambia nini? 'Kumbe uko? Sisi tulisikia ulishazikwa huko Nairobi.'"

Ndunge akakaa kwenye ngazi. Alikuwa ameliweka lile sharti akijua hakuna atakayekuja, na alikuwa ameliona kuwa la busara. Sasa aliona ni yeye aliyemtuma mzee wa watu Dagoretti kununua mbuzi na kukodi watu wa kumpenda. Alimhurumia hadi moyo ukamuuma.

"Twende nyumbani," akasema. "Jumamosi ijayo. Na huyo mbuzi wako mnene tumpelekee Wavinya. Si mambo ya kura. Watu waone tu uko hai."

Mbaluka akainua kichwa. "Hata mkutano mdogo?"

"Bila mkutano. Bila kipaza sauti."

"Bila kipaza sauti," akakubali, upesi mno.

Usiku huo Mbaluka alilala fofofo, mara ya kwanza tangu aanguke. Asubuhi Ndunge aliinjika chai, akatazama nje kwa dirisha la jikoni. Mumewe alikuwa chini ya mpera, amevaa koti la kampeni, amempelekea beberu maji. Mkono mmoja ulishika ndoo. Mwingine ulikuwa juu, umefunguka, kama kuna umati mbele yake, na midomo ilikuwa ikicheza. Akaushusha, akafikiri kidogo, akaanza upya.

Hapo ndipo Ndunge alipoelewa alichokifanya. Nani Ngaani atabaki shambani siku aliyezikwa atakaposhuka garini akitembea? Watajaa sokoni bila kuitwa na mtu. Watamgusa, watalia, na watamwomba, safari hii kweli, kama sharti lake lilivyotaka.

Chai ikafura ikamwagikia jikoni. Ndunge akazima moto, akaenda chumbani kumtafutia mumewe dawa zake.