Jani la Mferejini na Spidi ya Sebuleni

Nakumbuka asubuhi moja pale Malindi, hii ya milima ya Lushoto, ukungu umekaa bondeni kama mgeni asiyeaga, baba alinituma mimi na binamu yangu Samweli tukautazame mfereji. Shangazi yetu Maria, dada yake baba, alikuwa amelalamika tena. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwa maji, chini ya mashamba yote ya ukoo, na kabichi zake zilikuwa zimeanza kuinamisha masikio.

"Nendeni mkaone kama maji yapo au hayapo," baba alisema. "Mniletee jibu."

Mwanangu, tulikuwa vijana, na kazi yoyote tuliigeuza mchezo. Tulipanda hadi juu, pale maji yalipokuwa yanaingia mferejini kutoka kijitoni. Samweli alichuma jani, akalitupa majini, tukakimbia nalo sambamba. Lilitushinda. Samweli aliteleza akakaa kwenye tope, na tope la kwetu ni baridi, hulisahau. Tukaona tumepima vya kutosha. Tukashuka kwa njia ya mkato, wala hatukuufuata mfereji wenyewe, tukamkuta shangazi ameinama na jembe lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, wagosi, wanaume wangu, mmeniletea habari gani?"

"Maji yapo, shangazi," nikasema. "Yanakimbia kuliko Samweli."

"Samweli hata kobe anamwacha. Mmepimaje?"

Tukamweleza habari ya jani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hilo jani lenu limefika hapa?"

Tukatazamana. "Hapana. Tuliliacha kule juu, kwenye shamba la babu."

"Basi mmepima shamba la babu. Langu bado." Akaegemea jembe. "Na jani halinywi maji, baba zangu. Linapita juu juu likifurahi. Anayekunywa ni kabichi. Kaeni hapa mtazame."

Tukakaa. Maji yalikuja kama uzi, yakakatika, kwa kuwa juu mtu alikuwa amefungulia karoti zake. Yakaja tena na matope, yakakatika tena, takataka zimeziba. Shangazi hakumtukana mtu. Alikuwa amechimba kidimbwi kidogo kando ya shamba, akawa anasubiri kijae, ndipo anamwagilia kwa kopo, mche mmoja mmoja. Haba na haba. Ilipofika jioni, watu wakafungulia kila mmoja shambani kwake, na ule uzi nao ukatoweka. Hawakuwa wezi, nisije nikawasingizia marehemu. Kila mtu alikuwa na haki ya maji yale. Ila haki za watu wote zilikuwa zinapita katika mfereji mmoja mwembamba.

Siku hizi pale pamepita bomba, na sehemu kubwa ya mfereji imefukiwa. Shangazi hayupo, Samweli naye hayupo. Nikipita pale huwa natafuta kile kidimbwi kwa macho, na sina hakika kama ninapotazama ndipo penyewe. Sikudhani kama maneno ya shangazi yangekuja kunifaa uzeeni, tena kwa jambo ambalo hata jina lake nalitamka kwa kubahatisha.

Ilikuwa hivi. Binti yetu wa mwisho, Neema, alikuwa anabarikiwa uchungaji huko mikoa ya ziwa, na ibada ingeonyeshwa mubashara. Mama yao, mke wangu, miguu imemkataa. Kutoka chumbani hadi jikoni ni safari, sembuse kwenda ziwani. Mwanetu Yohana akaja likizo kutoka Tanga, akasema mama hatakosa kitu, ataangalia akiwa kitandani kwake. Akamwita fundi, binti mmoja wa Lushoto mjini anaitwa Halima, akatufungia kile kisanduku cha intaneti sebuleni, karibu na dirisha.

Yohana alipima spidi pale pale, simu mkononi, kisanduku mbele yake. Mshale ulipanda, namba zikawaka.

"Baba, hii kitu inapaa!"

Mimi namba zile sizijui, lakini nilifurahi kwa kuwa alifurahi.

Jioni tukawasha ile tivii ndogo ya chumbani, tujaribu kwa ibada nyingine ya zamani. Mchungaji alihubiri kidogo, kisha akaganda mdomo wazi, na kiduara kikaanza kuzunguka usoni pake. Mke wangu akamtazama kwa muda.

"Huyo amepatwa na nini? Mbona kama anasubiri kulishwa?"

Tulicheka. Lakini ilipoganda tena, na tena, hakuna aliyecheka. Yohana alikwenda sebuleni akapima, namba zile zile nzuri. Akarudi chumbani, picha imekufa. Akakasirika, akasema huyu fundi ametuuzia mbuzi kwenye gunia, kesho anang'oa kisanduku na kumrudishia mbele ya watu dukani kwake. Mke wangu akavuta shuka.

"Acheni kugombana kwa ajili yangu. Nyie mtaangalia kwenye simu zenu, halafu mtanisimulia."

Neno lile, mtanisimulia, sikulikubali. Mama aliyembeba mtoto mgongoni akipanda na kushuka milima hii, aje kusimuliwa siku ya mtoto huyo!

Niliogopa kusema, maana nilisoma kidogo na mambo haya ni ya vijana. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi nilikuwa nimewahi kuuona ukingo. Nikamwambia Yohana habari ya jani. Nilipofika pale shangazi aliposema, "Mmepima shamba la babu," aliinuka. Akachukua simu, akaketi kitandani miguuni pa mama yake, akapima akiwa hapo. Mshale haukulala kabisa, nisitie chumvi, lakini ulipanda kwa shida kama mzee. Katikati ya sebule na chumba kile kuna ukuta wa mawe alioujenga baba yangu, mnene kama wa boma.

"Kumbe nilikuwa napima sebule," akasema Yohana.

Asubuhi Halima alikuja, akaniamkia vizuri, na Yohana, kwa haki yake, alimpokea kwa adabu. Halima alikubali kuwa naye alikosea: alifunga kisanduku pale waya ulipofikia kwa urahisi, hakuuliza mgonjwa analala wapi. Nikamuuliza kama ukuta ndio mkosaji peke yake.

"Hapana, babu. Ukipima spidi, simu inaongea na mtambo ulio karibu, tena kwa muda mfupi. Video inaweza kutoka mbali, inapita njia nyingi, na lazima ije mfululizo. Jioni kila nyumba imewasha. Na hapa kwenu nani mwingine ametumia?"

Wajukuu wote wa boma walikuwa wamejiunga. Hata shemeji yangu wa nyumba ya pili alikuwa anaangalia mpira. Nikaona mfereji wote mbele ya macho yangu, pamoja na mwenye karoti.

"Kwa hiyo kile kipimo kinadanganya?" mke wangu akauliza kutoka chumbani.

"Hakidanganyi, bibi. Kinajibu ulichokiuliza."

Nadhani nimeyaandika maneno yake sawasawa. Kama nimekosea, kosa ni langu.

Wakakihamishia kisanduku kwenye korido, mkabala na mlango wa chumba. Halima akashusha ubora wa picha kidogo, akasema afadhali picha hafifu inayotembea kuliko picha kali inayolala. Na wajukuu wakaahidi kufunga simu zao siku ya ibada. Shemeji naye aliahidi, ingawa baada ya kununa.

Jumapili ikafika. Mke wangu alivaa kitenge chake cha sikukuu, akakaa kitandani ameegemea mito. Picha ilikuwa na ukungu kama asubuhi ya Malindi, lakini ilitembea. Tuliimba nao. Neema akapiga magoti, wachungaji wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani. Hapo ndipo picha ikaganda.

Yohana aliruka kuelekea kwenye kisanduku. "Jamani, sasa hivi tena!"

"Usiguse!" mama yake akamwambia. "Mwache hapo hapo kidogo. Nimtazame."

Yohana akarudi nyuma. Mtoto wake alikuwa amepiga magoti, mikono yote ile juu yake, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiondoa. Mke wangu alinyoosha mkono wake naye, akauelekeza kwenye kioo. Kisha picha ikaendelea yenyewe, na kwaya ikapokea.

Mwanangu, mimi si mwalimu wa mitambo na sikushauri uipuuze namba. Chanzo kikikauka, hata kidimbwi hakisaidii. Ninachokuomba ni hiki: usipime penye maji ukamwambia mwenye kiu kwamba anakunywa. Chukua kipimo chako, kaa miguuni pa yule anayesubiri, ndipo upime, tena upime saa anayohitaji, si saa inayokufaa wewe. Na kabla hujamwita mtu mwizi, ufuate mfereji kwa miguu yako hadi mwisho. Mimi na Samweli tulipita njia ya mkato, na shangazi ndiye aliyebaki na kabichi zilizoinama.

Mungu akubariki wewe unayesoma. Akupe chanzo kisichokauka, na majirani wanaokumbuka kufunga maji yao zamu yako ikifika. Na siku utakayokuwa wewe ndiye wa mwisho mferejini, apatikane kijana wa kushuka hadi kwako.