Bia za Kilio cha Bernardo

Raisa alizaliwa Rumonge mjini, kwa Waswahili, akasoma mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu Bujumbura. Kila akipata nafasi alishuka Minago kuandika habari za karieri, kule wanakochimba mawe ya ujenzi. Mlima ulikuwa umeliwa chini ukabaki kama jino bovu. Siku moja ukaporomoka, ukamfunika mkazi mmoja, Bernardo, akafa, na nyumba za juu zikapasuka kuta. Raisa akazunguka ofisi hadi ofisi, hadi komini, serikali ya pale, ikakubali kutuma mukubwa aje asikilize watu.

Aliyeona kwa macho ni Ernestina, mjane wa Bernardo. Asubuhi hiyo Raisa alimkuta anamenya mihogo, mjukuu mgongoni amelala mdomo wazi.

“Mama, twende. Mukubwa amefika.”

“Siendi, mwanangu.”

“Wamekutisha?”

“Nani anitishe? Darius alikuja kwenye kilio.” Darius ndiye mwenye karieri. “Alileta bia na Fanta, akakaa chini na sisi, tukakunywa. Mutu umekunywa naye kwenye kilio cha mume wako, utamushitaki namna gani?”

“Lakini mlima kauchimba yeye!”

“Ndiyo. Na tulikunywa.”

“Basi nitanunua zingine, tumurudishie!”

Ernestina akacheka mpaka mtoto akashtuka. “We Raisa! Bia ya kilio inarudishwa? Huko chuo wanafundisha nini?”

Raisa akaenda peke yake. Karieri ilijaa watu. Mukubwa akauliza nani ana shitaka. Kila mmoja akaangalia vidole vya miguu yake. Wote walikuwa wamekunywa bia ya Darius kwenye kilio. Raisa akanyoosha mkono.

“Wenye nyumba hapa ndio wanashitaki. Yako iko wapi, profeseri?”

“Bujumbura.”

Watu wakacheka, hata wale waliolala na ufa juu ya kitanda. Mukubwa akapanda pikipiki yake akaenda, na nyundo zikaanza tena.

Jioni Ernestina akamuuliza taratibu, “Siku ya kilio ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nasahihisha mitihani.”

“Basi wewe hukukunywa. Kuja ujenge hapa, hata kibanda. Mukubwa akirudi, wewe utasema.”

“Akirudi lini, mama? Na huo mlima utamngoja?”

Ernestina akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akaangalia juu, kwenye ukuta wa jirani ulioanza kuinama.