Miguu Nje ya Shuka

Juzi sokoni Sake nilikutana na mama mmoja wa Ntoto, ambaye tulifahamiana zamani hospitalini Masisi. Alikuwa ameshuka kwenye lori la Walikale, akaniambia kwamba yule muuguzi mkuu wa wakati ule amefariki. Aliugua mapafu, akalazwa katika hospitali aliyokuwa akiiongoza huko Walikale. Nilimuuliza jambo moja tu, kama miguu yake ilikuwa imefunikwa. Wauza maharage walinitazama kama mwenye wazimu, lakini mama hakushangaa.

Wasomaji wangu mnanijua, mimi ni mtu wa wasiwasi. Sikukaa shuleni, kusoma nilijifunza mwenyewe, na hata safu hii naiandika na kuifuta mpaka karatasi inatoboka. Kwa hiyo nilipovunjika mguu na kulazwa Masisi, chumba cha wagonjwa alichokisimamia marehemu muuguzi kilinituliza. Vitanda alivipanga kwa kufuata uzi uliovutwa toka ukuta hadi ukuta, na shuka zilikazwa zisibaki na mkunjo. Kila hospitali ilisubiri daktari mkaguzi, na sifa ya chumba ilitegemea alichokiona akipita. Kwenye kitanda jirani na changu alilala mume wa mama huyu, aliyepasuliwa tumbo. Mchana kutwa mkewe alikaa chini, mkono wake umeshika unyayo wa mumewe, kama wafanyavyo watu wetu wanaolinda wagonjwa. Mwili ukianza kuzimika, husema, baridi huingilia miguuni.

Asubuhi ya ukaguzi jamaa wote walitolewa nje pamoja na sufuria zao. Mama aligoma. "Nikiachilia muguu yake, nani atajua kama angali muzima?" Marehemu alikuwa mcheshi, akamshika bega kwa upole, akampeleka mlangoni. "Mama, daktari iko anakuya. Yeye njo atajua." Kisha akatugeukia sisi wagonjwa, akanyoosha shuka ya jirani yangu hadi kidevuni. "Mulale sawa, ba Papa. Leo njo kitanda inakaguliwa, hapana weye." Tulicheka kusikia kwamba kitanda ndicho kitakachokaguliwa, si mgonjwa; hata yule jirani alicheka.

Sakafu ilikuwa imeoshwa na bado inang'aa maji. Daktari alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika, akasimama mbele ya jirani yangu aliyelala chali, macho nusu wazi, akasema huyu amepumzika vizuri. Nami nilikuwa nikisikia tone, kisha tone, nikadhani ni maji ya kudekia. Ndipo nikamwona mama dirishani. Hakuwa akilia wala kugonga. Alikuwa ameinua mkono tu, vidole vimekunjwa, kiganja kimebaki na umbo la unyayo. Marehemu naye aliuona ule mkono. Kicheko kilimpotea usoni. Alimwacha daktari katikati ya maneno, akarudi, akaifunua shuka. Juu ilikuwa nyeupe kabisa. Godoro lilikuwa limelowa damu, na damu ilidondoka kwenye maji ya sakafu chini ya kitanda bila mtu kuitambua.

Mama aliitwa ndani, akashika unyayo, akapandisha mkono polepole. "Baridi imeshafika kwa magoti," akasema. Walihangaika na mumewe, lakini jua halikufika utosini kabla hajakata roho. Baadaye habari ikaja kwamba chumba chetu kimesifiwa, na hospitali nyingine zikiige.

Muuguzi mkuu aliomba kuhamishwa, akapelekwa Walikale. Niliwahi kupita huko nikaingia chumba chake cha wagonjwa, nikashtuka mlangoni: safu mbili za nyayo tupu zimetokeza nje ya shuka, na jamaa wameketi kati ya vitanda. Hakuna muuguzi aliyeruhusiwa kutazama shuka kabla ya kugusa miguu. Wakaguzi walilalamika kwamba chumba kinatisha. Kweli kinatisha, nami mpenda mistari nilitamani kukimbia.

Mama aliposikia kwamba muuguzi huyo anaumwa, alitoka Ntoto kwenda kumshika unyayo. Alipokwisha kufa, muuguzi kijana, kwa heshima, alimfunika mwili mzima na kuikaza shuka. Mama akaifunua tena miguuni, akaishika mpaka akaridhika mwenyewe. Nami nimejifunza kuliogopa lile ninalolipenda. Utaratibu wa hospitali ni mwema pale tu unapompeleka mtu akamguse mgonjwa. Ukimwezesha kupita bila kumgusa, basi ni sanda iliyotandikwa mapema.