Mhandisi Octavian na Kaburi la Mama

Mdogo wangu Octavian ni mhandisi, na kwa miaka mingi amekuwa mkuu wa idara ya barabara mkoani. Ukitoka Ifakara kwenda Lupiro ukateleza juu ya lami bila kurushwarushwa, ujue mkono wake umo. Hilo silikatai. Watu wakimsifu nje ya kanisa nanyamaza, maana barabara ni nzuri kweli.

Ila hawasemi alifikaje huko. Baba alipofariki, shamba la mpunga lilikosa mtu wa kuamia ndege. Mama yetu, Kandida, akaamua mtoto mmoja aende shule, mwingine akae kichanjani apige kelele. Mimi nikapanda kichanja. Asubuhi Octavian alipita na sare yake akinipigia ukelele, "Dada Levina, ndege wale kule!" Akacheka, akaenda zake. Kusoma nilikuja kujifunza kwa masista wa parokia, mtu mzima mwenye wajukuu.

Alisoma mpaka Dar es Salaam, akarudi na kofia ngumu ya njano. Mwanzoni alikuwa bado wetu. Magari yakinasa kwenye matope pale Kivukoni, njia ya Lupiro, alishuka kusukuma na watu, suruali kaikunja. Usiku alikaa jikoni na mama wakipiga soga kwa Kipogoro, na mama hakuwa na lugha nyingine ya kuitegemea. Octavian akamwahidi lami mpaka mlangoni. Mama akauliza lami hupikwa na nini. Alifariki kabla ya kuiona, tukamzika kando ya nyumba.

Kisha Octavian akapata ukuu, na simu zake zikaanza kupokewa na katibu.

Lami ilipokaribia kwetu, alikuja kijana wa ofisini kwake, Evod, kupigilia vigingi.

"Shikamoo mama. Hili kaburi limo ndani ya hifadhi ya barabara. Itabidi lihamishwe."

"Marahaba. Unajua ni la nani?"

"Msalaba unasema Kandida."

"Ndiye aliyemzaa bosi wako."

Kwetu marehemu hahamishwi kama gunia. Kwanza mtoto wake humwagia maji na unga kichwani pa kaburi, akamwambia kwa lugha yake: tunakutoa hapa, tunakupeleka pale, na sababu ni hii. Asipoambiwa, amefukuzwa. Mjomba Dionisi, kaka yake mama, akakata shauri: "Barabara ni ya Octavian. Aseme mwenyewe."

Octavian akakubali kuja. Siku yenyewe tulikusanyika asubuhi, jua likapanda, hakuna gari. Greda lilikuwa limesimama pale likitungoja. Sebastiani, mtani wetu aliyeshika sepetu, akaanza utani wake: "Mhandisi akichelewa tunamlaza bibi hapahapa awe tuta. Madereva wapunguze mwendo!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na macho yangu yako barabarani.

Simu ya Mjomba ilipolia, aliyepiga alikuwa Evod, kutoka ofisini. Akasema Octavian hawezi kutoka, tuweke simu kwa sauti kubwa, atazungumza na mama hivyohivyo. Mjomba akaishika simu juu ya kaburi.

"Marehemu mama," sauti ikasema kwa Kiswahili, "kwa niaba ya idara, tunaomba ushirikiano wako katika kupisha utekelezaji wa mradi huu."

Sebastiani akauliza, "Tupige makofi?"

"Octavian," Mjomba akasema, "ongea na mama yako kama ulivyokuwa unaongea naye."

Tukasikia viti vikisogezwa huko aliko, na mtu akikohoa.

"Mjomba, nipo kikaoni. Kuna watu hapa."

Mjomba akazima simu. Akaniwekea unga mkononi.

Nikamwambia mama anahamishiwa juu kidogo, karibu na mgomba wake, kwa ajili ya ile barabara aliyoahidiwa. Nilipofika pa kumweleza mwanawe yuko wapi, sikupata neno la kikao kwa Kipogoro. Nikasema ameketi na watu wengine.

Octavian alikuja barabara ilipokwisha. Alipita peke yake na dereva, akasimama mbele ya kaburi jipya, mvi zimemjaa.

"Dada, unga upo?"

"Wa nini?"

"Niseme na mama."

"Mama ameshaambiwa."

"Na mimi je? Alijua kwa nini sikuja?"

"Nilimwambia."

Alitaka kuuliza nilimwambia nini. Niliona mdomo ukifunguka. Akaanza sentensi moja ya Kipogoro, ya kumsalimu mama, akaishia katikati, akanitazama kama aliyesahau njia. Maneno yaliyobaki nilikuwa nayo, na unga ulikuwa kwenye ungo jikoni. Sikuvuka kizingiti kuuleta. Dereva akawasha gari. Octavian akaniaga vizuri tu, akapanda.